Jina Kwenye Daftari: Jyoti Basu na Miaka 23 ya Bengali Magharibi

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, walimu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkajipanga ukutani, habari za jioni.

Mliponialika mliniomba nizungumzie mwanasiasa wa India aliyedumu madarakani. Najua wengi mnamngojea Nehru au binti yake Indira. Hao wana wasemaji wengi. Mimi nimewaletea mtu ambaye hakuwahi kukalia kiti cha Delhi hata siku moja, na kiti hicho alikikosa kwa namna ambayo nitaieleza baadaye. Jina lake Jyoti Basu. Alikuwa waziri kiongozi wa jimbo la Bengali Magharibi kuanzia tarehe 21 Juni 1977 hadi Novemba 2000. Wazanzibari cheo hicho mnakijua, mlikuwa nacho hadi 2010. Tofauti ni ukubwa wa kazi: Basu alipoingia, jimbo lake lilikuwa na watu wanaokaribia milioni 50, na alipotoka walikuwa karibu milioni 80. Mapinduzi hayakumweka wala bunduki haikumlinda. Ilikuwa kura, uchaguzi mmoja baada ya mwingine: 1977, 1982, 1987, 1991, 1996. Rekodi yake ilikuja kuvunjwa mwaka 2018 na Pawan Chamling wa Sikkim, jimbo dogo la milimani lenye watu wasiofika hata milioni moja.

Nataka tujiulize swali moja tu jioni hii. Mtu anawezaje kukaa hivyo mahali kama Bengali? Maana hapa sizungumzii jimbo la watu wapole. Kati ya 1967 na 1972 serikali za jimbo zilianguka kama maembe ya msimu, na mara tatu Delhi ililazimika kulitawala yenyewe moja kwa moja. Wafanyakazi walikuwa wanawazingira mameneja ofisini hadi usiku wa manane. Vijana wa Naxalbari, waasi waliofuata mafundisho ya Mao, walikuwa wameshika silaha. Calcutta, kama Kolkata ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa mji wa mabomu ya kutengenezwa nyumbani na maiti za alfajiri. Halafu akaja mzee mmoja wa miaka 62, mwenye dhoti nyeupe na uso usiocheka ovyo, akakaa miaka 23.

Wengi hujibu kwamba alikuwa na haiba. Hapana. Basu hakuwa msemaji wa kutoa watu machozi. Sentensi zake zilikuwa fupi, kavu, nyingine hakuzimalizia. Wengine husema chama chake kilijua kuiba kura. Wapinzani wake waliyasema hayo miaka yote, na mwishoni si yote yalikuwa ya kupuuzwa. Lakini huwezi kuiba miaka 23. Jibu langu mimi liko kijijini, kwenye daftari. Nitafika huko. Kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Alizaliwa Calcutta tarehe 8 Julai 1914, mtoto wa daktari. Kwao asili ni Barudi, upande ambao leo ni Bangladesh. Alisoma shule za wenye nacho, kisha Presidency College, na mwaka 1935 akapelekwa London kusomea uwakili. Baba alimtaka mwana arudi na joho. Joho alirudi nalo, lakini London ile ya miaka ya 1930 ilikuwa imejaa vijana wa makoloni waliokuwa wakimsikiliza Harold Laski, mwalimu wa siasa wa mrengo wa kushoto, wakikutana na wakomunisti wa Uingereza na kukesha wakibishana juu ya vita vya Uhispania na Hitler. Alitua nyumbani mwanzoni mwa 1940 akiwa mwanasheria kamili, na badala ya kufungua ofisi akaenda kwa wafanyakazi wa reli. Mzazi gani hapa angelala usingizi? Umeuza ulichonacho, mtoto amerudi kutoka Ulaya, na kazi anayoitaka ni kukaa kwenye vibanda vya stesheni akiandikisha wanachama wa chama cha wafanyakazi.

Reli ndiyo iliyomfikisha kwenye bunge la jimbo la Bengali mwaka 1946, kwa kiti maalumu cha wafanyakazi wa reli. Na hebu tuutazame mwaka wenyewe. Bengali ilikuwa haijapona njaa ya 1943, njaa iliyoua watu wanaokadiriwa kuwa milioni mbili hadi tatu, nyingi ya hizo roho za vijijini. Mwaka huo huo wa 1946 wakulima walianza harakati iliyoitwa Tebhaga. Walikuwa wanalima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu. Wakasema sasa basi, fungu la mwenye ardhi liwe moja kati ya matatu. Walipigwa, wengine waliuawa. Mswada wa kuwapa haki ukafia njiani. Basu alikuwa kijana wa upinzani bungeni akiyaona yote hayo. Mwaka uliofuata jimbo lenyewe likakatwa vipande viwili, na wakimbizi kutoka mashariki wakafurika majukwaa ya stesheni ya Sealdah.

Miaka thelathini iliyofuata nitaipita haraka, ingawa ndiyo iliyomkomaza. Chama chake, cha Kikomunisti, kilipigwa marufuku 1948, akafungwa bila kesi. Akawa kiongozi wa upinzani mbele ya Bidhan Chandra Roy, daktari mashuhuri na waziri kiongozi wa Congress, chama cha Nehru, na wawili hao walipigana bungeni huku wakiheshimiana. Mwaka 1962 vita na China vilipozuka akafungwa tena. Mwaka 1964 chama kikapasuka, naye akawa mmoja wa viongozi wakuu tisa wa upande mpya, CPI(M), yaani Chama cha Kikomunisti cha India (cha Ki-Marx). Mwaka 1967 na tena 1969 akawa naibu waziri kiongozi katika serikali za mseto zilizoishi muda mfupi. Ni katika kipindi hicho, 1969, polisi waliopandwa na hasira walivamia jengo la bunge mpaka kwenye chumba chake, yeye akiwa ndiye waziri wa polisi hao hao, akasimama akawakabili. Mwaka 1970 kwenye stesheni ya Patna mtu alimfyatulia risasi. Ilimkosa, ikamuua aliyekuja kumpokea.

Mwaka 1972 alishindwa kwenye jimbo lake la uchaguzi, Baranagar, katika uchaguzi ambao chama chake kilisema wazi kuwa umeibwa. Wabunge wachache waliopata walisusa bunge miaka mitano mizima. Ikaja hali ya hatari ya Indira mwaka 1975. Ilipoondolewa, kwenye uchaguzi wa jimbo wa Juni 1977, mrengo wa kushoto, muungano ulioongozwa na CPI(M), ukazoa viti 231 kati ya 294.

Sasa tufike kwenye daftari.

Mkulima wa kugawana mavuno kule wanamwita bargadari. Analima ardhi ya mtu mwingine kwa plau yake, ng'ombe wake, jasho lake, na mara nyingi mbegu yake. Mavuno yakitoka, mwenye ardhi anachukua nusu. Karatasi hakuna. Mwakani akilalamika, anaambiwa atafute pengine. Wapwani mnaolima shamba la mtu asiyeonekana hapa mnanielewa bila mkalimani.

Na msidhani sheria haikuwepo. Ilikuwepo tangu 1955, na mwaka 1971 ikaongezwa makali: kama mkulima ndiye aliyegharimia kilimo, achukue robo tatu, mwenye ardhi robo. Tena asifukuzwe ovyo, na haki yake irithiwe na mwanawe. Sheria safi kabisa, imelala kabatini. Ili ikulinde, ulitakiwa uandikishwe kuwa bargadari, na ili uandikishwe ulitakiwa wewe mkulima uthibitishe kwamba shamba lile unalilima. Utathibitisha kwa nini, na risiti huna? Utamleta shahidi gani, na majirani wote wamekopa mchele kwa bwana yule yule? Ofisi ya ardhi ilikuwa mjini, inafunguliwa mchana ukiwa shambani, na karani wake anakunywa chai na mwenye ardhi.

Serikali ya Basu ilifanya mambo mawili. La kwanza lilikuwa mstari mmoja wa sheria, mwaka 1977: yeyote anayelima ardhi ya mtu ambaye si ndugu wa familia yake achukuliwe kuwa bargadari, na anayepinga ndiye alete ushahidi. Yaani mzigo ukahamishwa kutoka bega la maskini ukawekwa bega la tajiri. Mimi naona mstari huo una thamani kuliko hotuba zote alizowahi kutoa.

La pili ni namna ya kufanya kazi. Mei 1978, kijijini Halusai, wilaya ya Hooghly, maafisa wa ardhi waliwekwa kambini pamoja na wakulima maskini. Safari hii maafisa ndio waliosikiliza. Wakulima wakawaambia: nyinyi mnakuja mchana, sisi tuko kazini. Mnafikia kwa wakubwa, sisi tutawaaminije? Mnatuita mmoja mmoja, na mtu akiwa peke yake anaogopa. Kamishna wa mageuzi ya ardhi, D. Bandyopadhyay, na waziri wake, Benoy Choudhury, wakayageuza malalamiko hayo kuwa utaratibu. Kikosi kikaenda kijijini na kukaa huko huko. Mkutano ukafanyika jioni, taa ya mafuta katikati, wakulima wamekaa kwa wingi wao. Asubuhi wote wakatoka kwenda mashambani, kipande kwa kipande: hiki analima nani? Jibu likatolewa mbele ya jirani, mbele ya mwenye ardhi mwenyewe kama yupo. Orodha ikabandikwa hadharani. Mwenye pingamizi akasikilizwa pale pale. Kisha mkulima akakabidhiwa hati yake mkononi, bila kufunga safari ya mjini na bila kumpa mtu cha soda.

Kazi hiyo iliitwa Operation Barga. Katika miaka michache majina zaidi ya milioni moja yakaingia daftarini, na mwishowe yakavuka milioni 1.4. Wachumi bado wanabishana ni kiasi gani cha ongezeko la mpunga la miaka ya 1980 kilitokana na hati hizo, na kiasi gani kilitokana na visima na mbegu mpya. Wabishane. Mkulima aliyekuwa haogopi tena kufukuzwa mwakani alikuwa na sababu ya kuweka mbolea mwaka huu, na hilo halihitaji shahada kulielewa.

Juni mwaka huo huo wa 1978 wakafanya uchaguzi wa mabaraza ya vijiji, panchayati, ngazi tatu kwa mpigo, vyama vikishindana waziwazi. Walimu wa shule za msingi, wakulima wadogo, watu ambao jana walikuwa wakisimama bwana akipita, wakawa madiwani. Miezi mitatu baadaye, Septemba, yakaja mafuriko makubwa kuliko watu walivyokumbuka. Wapinzani walitegemea mabaraza yale mapya yazame nayo. Badala yake yakagawa chakula na kujenga upya. Tangu hapo uchaguzi wa panchayati ukafanyika kila baada ya miaka mitano bila kuruka, na India nzima ililiweka jambo hilo kwenye katiba baadaye kabisa, kwa marekebisho ya 73 yaliyoanza kutumika 1993.

Sasa mnaona zile kura zilikotoka. Calcutta ilimnunia mara nyingi. Kijiji hakikumtupa.

Lakini sikuja kumpamba marehemu. Miaka hiyo 23 ina madoa, na mengine ni ya damu. Mwanzoni kabisa mwa 1979, wakimbizi maskini wa Kihindu wa tabaka la chini, waliotoka Bangladesh na kutupwa miaka mingi kwenye kambi za Dandakaranya katikati ya India, walikuwa wamehamia kisiwa cha Marichjhapi katika mikoko ya Sundarbans. Wakati chama kikiwa upinzani kiliwapigania wakimbizi. Kikiwa serikalini kiliwazingira kwa boti za polisi, kikawakatia chakula na maji, na kufikia Mei kikawaondoa kwa nguvu. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, na anayesoma ushuhuda wa walionusurika hawezi kumtazama Basu kwa jicho lile lile. Julai 1993 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa vijana wa Congress katikati ya Calcutta, wakafa 13. Kiongozi wa maandamano yale alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Mamata Banerjee. Jina hilo mlishike.

Mjini mambo yalidorora. Viwanda vilifungwa au vikahamia magharibi ya India. Wenye viwanda walilaumu migomo, chama kikailaumu Delhi kwa kuwanyima leseni na fedha, na kila upande ulikuwa na chembe ya ukweli. Mgao wa umeme wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa wa kutisha. Watani walicheza na jina lake, maana jyoti ni mwanga. Serikali iliondoa Kiingereza shule za msingi za umma ili watoto wa wakulima wasome kwa lugha yao. Nia niliipenda, lakini watoto wa wakubwa waliendelea kusoma Kiingereza shule za kulipia, na nafasi za kazi zikawafuata wao. Baadaye serikali ikarudi nyuma. Na kijijini nako, wale walimu na makada walioleta daftari wakageuka kuwa walinzi wa mlango. Ugomvi wa ndoa, kibali cha kujenga, kazi ya ualimu, yote yakapitia ofisi ya chama. Aliyewatoa watu mikononi mwa bwana mmoja akawa amewakabidhi kwa mwingine mpole zaidi.

Hapo ndipo niseme juu ya mwaka 1996. Uchaguzi mkuu wa India haukutoa mshindi. Vyama vya majimbo na vya kushoto vikaungana kuizuia BJP, chama cha uzalendo wa Kihindu, vikatafuta mtu wa kuwa waziri mkuu, na wote wakamnyooshea kidole Jyoti Basu, mwenye miaka 81. Hebu fikirini: mkomunisti, kwa ridhaa ya vyama vya kila rangi, anaombwa aongoze India. Kamati Kuu ya chama chake ikakaa. Hoja ikawa: tuna viti 32 kati ya 543, tutaongozaje serikali ya sera tusizozipitisha wenyewe? Wakapiga kura, wakakataa. Viongozi wa muungano wakarudi kubembeleza. Kamati ikakaa tena, ikakataa tena. Basu alitaka kukubali, akashindwa kwa kura, akanyamaza. Hakuunda kundi wala kujitoa. Akapanda ndege akarudi Calcutta kwenye mafaili yake, na Deve Gowda wa Karnataka akaapishwa. Miezi kadhaa baadaye, Januari 1997, akamwambia mwandishi M. J. Akbar kwamba uamuzi ule ulikuwa kosa la kihistoria.

Watu humsifu kwa nidhamu hiyo, na mimi namsifu, kwa nusu. Nusu nyingine najiuliza hivi: chama kinachoweza kumnyamazisha mtu wa hadhi hiyo kwa kura za chumbani, kinamsikiliza vipi mkulima wa Hooghly mwenye lalamiko?

Novemba 2000 alimwachia Buddhadeb Bhattacharjee, mwenyewe akiwa na miaka 86 na afya imechoka. Alifariki tarehe 17 Januari 2010. Hakuchomwa moto wala kuzikwa. Macho yake yalitolewa kama mchango, na mwili ukapelekwa hospitali ya SSKM wanafunzi wa udaktari wajifunzie, kama alivyokuwa ameahidi kwa maandishi miaka saba kabla.

Nimalizie na mashamba, maana ndiko tulikoanzia hoja yetu. Mwaka 2006 serikali ya mrithi wake iliamua kuleta viwanda kwa haraka. Kiwanda cha magari cha Tata kikapewa karibu ekari elfu moja Singur, katika wilaya ile ile ya Hooghly. Wakulima wengi wakagoma kuchukua fidia. Nandigram, ambako ardhi ilitakiwa kwa kiwanda cha kemikali, polisi waliua watu 14 siku ya tarehe 14 Machi 2007. Chama kilishangaa sana: hawa si watu wetu? Ni sisi tuliowapa hati! Ndiyo, na walichojifunza kwenye ile hati ni kwamba mtu hang'olewi shambani kwa amri ya mkubwa. Walikuwa wanamtumia mwalimu somo lake. Aliyekwenda kukaa nao barabarani alikuwa yule yule Mamata Banerjee wa 1993. Mwaka 2011 aliuangusha mrengo wa kushoto baada ya miaka 34 mfululizo, na Bhattacharjee akapoteza hata kiti chake mwenyewe. Uchaguzi wa jimbo wa 2021, mrengo wa kushoto haukupata kiti hata kimoja.

Kuna jambo dogo la Singur ambalo halikupata vichwa vya habari. Fidia ilipopangwa, bargadari alitengewa asilimia 25 ya bei ya ardhi. Bargadari yupi? Aliyeandikishwa. Jirani yake aliyekuwa akilima kipande cha pili vile vile, kwa miaka ile ile, ila jina lake halikuingia daftarini mwaka ule kikosi kilipopita, hakutengewa kitu. Agosti 2016 Mahakama ya Juu ya India, ile ya mwisho kabisa, iliamuru ardhi irudishwe kwa wakulima.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeona mikono miwili nyuma tangu nilipoitaja Marichjhapi. Tuanze na hao.